Ebitinge Vyako Havitupwi Chooni

Kwako Magokoro, mama wa baba yangu,

Nimekaa kwa mlango wa nyumba yako hapa Ikonge na gambuti bado ziko miguuni. Nikizivua sasa hivi nitasinzia, kwa hivyo acha nikuandikie kwanza. Najua hukujua kusoma. Ungekuwa hai ningekusomea kwa Ekegusii, na wewe ungenikatiza kila mstari ukisema sivyo ilivyokuwa. Leo utanisikiliza hadi mwisho.

Ni juu ya ebitinge vyako.

Unakumbuka nikiwa mdogo kazi yangu ilikuwa kukuosha miguu ukitoka kuchuma majani chai? Juu ya vifundo vya miguu ulikuwa na mkanda wa ngozi ngumu iliyong'aa kama imepakwa mafuta. Nilifikiri kila mwanamke akizeeka anaota huo mkanda, nikakuuliza wangu utaanza lini. Ulicheka mpaka ukapiga beseni teke. Kisha ukainama chini ya kitanda, ukatoa mkebe, ukamwaga pete nyembamba za chuma juu ya leso. Zilikuwa nyeusi na nyingi, nikashindwa kuzihesabu. Ukaniambia hivi ndivyo ebitinge, ulivishwa miguuni siku ya enyangi, ile harusi yetu ya zamani, na kwamba mwanamke akishavishwa hakuvivua tena mpaka mumewe afe.

"Watu wa misheni walisema tumefungwa kama ng'ombe," ukaniambia. "Ng'ombe gani anasikika akiwa njiani, na watu wanamwekea kiti kabla hajafika mlangoni?"

Halafu ukanisimulia ubatizo wako, ile hadithi niliyokuwa nikiiomba kila mara. Mchungaji alisema uvue vyuma ndipo uingie majini. Babu naye akasema ukivivua yeye akiwa hai, ujue umemzika. Wewe hukubishana na yeyote. Ulichukua soksi ndefu za babu, zile za kazi, ukafunika miguu, ukaingia mtoni na wenzako. Ulizamishwa vizuri kabisa. Taabu ilikuwa kutoka. Soksi zilijaa maji zikateremka hadi kwenye nyayo, ukapanda ukingo wa mto huku ukilia kling, kling mbele ya waimbaji. Wiki hiyo hiyo jina lako likaondolewa kwenye daftari la kanisa. Ukawaambia maji hayawezi kurudishwa mtoni, na Sabato iliyofuata ukaenda kanisani kama kawaida, ukaketi benchi la nyuma miaka yote hiyo.

Babu alipofariki ndipo vilipotoka. Uliniambia baba mdogo, mwanao wa mwisho, ndiye aliyeshika plaisi akavifungua kimoja kimoja, akiwa kijana ambaye ndevu hazijaota vizuri, na mwili wa baba yake umelala chumba cha pili. Uliniambia ilibidi umshikie mguu wako mwenyewe. Sehemu hiyo nilikuwa naipita haraka nikiwa mtoto. Sasa siipiti, kwa sababu baba mdogo ndiye anayevitaka ebitinge. Anataka kuvitupa ndani ya choo cha shimo.

Ulinipa mkebe asubuhi niliyoolewa kule Ekerenyo. Uliniambia, "Hivi ni vya mwanamke aliyekaa." Nilijaribu kukaa kwa mume, Magokoro. Nilikaa mpaka Kemunto akajua kujificha nyuma ya mlango bila kuambiwa. Siku niliyoona anajua hivyo, nilimbeba mgongoni, mkebe nikautia kwenye mfuko wa nguo zake, nikarudi kwako. Ulifungua mlango, ukaona uso wangu, ukaenda kuweka maji motoni. Hukuniuliza kitu. Mpaka unafariki hukuniuliza, wala hukuniambia nirudishe mkebe.

Sasa Kemunto yuko gredi ya tano. Wiki mbili zilizopita alirudi na kazi ya shule: mapambo ya watu wa kale. Unajua siku hizi mtoto akipewa kazi ni mzazi amepewa. Mwalimu alikuwa amewapa karatasi zenye picha, na mimi nikimenya ndizi nikamwambia anisomee. Akanisomea habari za makombe ya baharini yaliyotobolewa matundu tangu zamani za kale, hata kabla watu hawajajua kulima. Akasoma juu ya shanga za ganda la yai la mbuni. Wafalme wa Misri walizikwa na dhahabu na mawe ya buluu, watu wa Nubia walivaa pete masikioni, na malkia mmoja wa mbali huko Uru alikutwa kaburini na majani ya dhahabu kichwani. Nikafurahi kusikia hayo. Kumbe tangu dunia ianze mtu akishashiba anatafuta kitu cha kuning'iniza.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa mtupu. Juu yake kumeandikwa wachore mapambo ya kwao. Kemunto akauangalia, akaniangalia.

"Mama, sisi hatukuwa na watu wa kale?"

Niliacha ndizi nusu, nikaleta mkebe.

Basi juzi Jumapili asubuhi ebitinge vilikuwa mezani, Kemunto anavichora, baba mdogo akaingia na wazee wawili wa kanisa. Nikawakaribisha. Hawakukaa. Baba mdogo akasema amesikia mtoto atavipeleka shuleni, na kwamba hiyo aibu haitatoka kwa boma lake. Wale wazee wakasema ni mambo ya gizani, yaombewe na yatupwe siku hiyo hiyo. Mmoja akamwambia Kemunto aweke kalamu chini. Kemunto hakuiweka.

Baba mdogo ndiye aliyesema lile lililomleta. "Umelala juu ya vyuma vya mjane tangu uolewe. Ungekaaje na mume?"

Magokoro, najua hilo neno lina watu wanaoliamini. Hata wewe ungekohoa kidogo ukilisikia. Lakini nilikuwa nimechoka, na uchovu wakati mwingine unanyoosha ulimi.

"Baba mdogo, vyuma havikunipiga," nikamwambia. "Aliyenipiga alikuwa na mikono, na ulikula naye ugali Krismasi mbili."

Akanyoosha mkono kwenye meza. Nikaweka wangu juu ya ebitinge. Nikamwambia naheshimu ndevu zake, na ninajua ni yeye aliyevifungua akiwa bado kijana mdogo, na kama mlio wa vyuma hivi unamrudishia siku ile ya babu, basi nampa pole ambayo hakuna aliyempa wakati ule. Lakini pole ni pole, na ebitinge ni ebitinge. Havitaenda chooni.

Macho yake yalijaa, niliona. Kisha akakasirika kwa sababu niliona. Akasema nikibaki navyo nitafute shamba lingine la kuchuma, ile mistari ya chai nyuma ya nyumba ni yake. Nikamwambia sawa.

Kwa hivyo tangu jana nachuma majani ya watu wengine, mbali, ndiyo maana miguu imekufa hivi. Kemunto alivipeleka shuleni. Anasema alisimama mbele ya darasa akawaambia hivi ni vya magokoro wa mama yake, na alibatizwa navyo. Watoto walicheka. Mwalimu akaviomba, akavishika, akauliza kama vinaweza kubaki kabatini mwake. Kemunto akamwambia hapana, vina kwao.

Kuna jambo moja nitakukatalia na wewe. Ulisema ni vya mwanamke aliyekaa. Mimi sikukaa, na sitasema nilikaa. Sitavivaa, Kemunto hatavaa, hakuna plaisi itakayoshikwa tena kwa mguu wa mtu wa nyumba hii. Lakini ni vyangu. Uliponifungulia mlango siku ile uliniacha navyo, na mimi nahesabu hilo kuwa jibu lako.

Baba mdogo amesema atarudi Jumapili na wazee zaidi. Na waje. Nitawachemshia chai, nitaazima viti kwa jirani, na ebitinge vitakuwa hapo hapo mezani ambapo kila mtu ataviona.

Lala vizuri, Magokoro. Usinipangie la kusema, nalijua.

Ni mimi mjukuu wako, mama Kemunto.