Jina la Arobaini na Nne

Jumanne, 8 Julai

Yeremia, bwana yangu, nilimpoteza Alhamisi moja ya mwezi wa pili, miaka saba iliyopita, kati ya saa tisa na saa kumi na moja ya jioni, mahali fulani kati ya kijiji chetu cha Kongo na mto Ruzizi. Saa naikadiria. Siku naijua.

Leo nimefungua tanuru la pili. Yaliingia matofali 2,400, yametoka mazima 2,150. Upande wa upepo yameungua vibaya. Kosa langu, sikuziba vizuri. 1,200 ni ya ukuta wa kanisa hapa Juru, ndani ya kambi ya Nakivale. Mita sita urefu, mita moja na nusu kwenda juu. Utaandikwa majina ya watu wa kijiji chetu waliouawa kabla hatujakimbilia huku Uganda.

Orodha ya komite ina majina 43. Nimeihesabu mara tatu. Yeremia hayumo.

Mikono inauma. Nimelala mchana nusu saa, kitu ambacho sifanyi.

Alhamisi, 10 Julai

Mkutano wa komite, chini ya turubai. Nilisimama, nikauliza kwa nini bwana yangu hayumo. Mzee Elia ndiye prezida. Alijibu kwa sauti ya kanisani: jina linaandikwa kama kuna shahidi mmoja aliyeona mtu akifa ao aliyeona maiti yake. Yeremia hana shahidi.

"Tena, mama yangu, kadi yako mwenyewe inasema bwana iko muzima."

Watu wakanitazama. Ni kweli. Tulipofika Nakivale nilimwandikisha kwenye kadi ya familia: yuko hai, anatafutwa. Niliandikisha hivyo kwa neno la nani? Kwa neno la Mzee Elia. Siku ile wanaume walibaki nyuma na mbuzi, wanawake tukatangulia na watoto. Baada ya siku tatu wanaume sita walitufikia ng'ambo, Burundi. Elia alikuwa mmoja wao. Akaniambia: tuliachana na Yeremia kwenye njia-panda, yeye alishika njia ya mlimani. Sita tulifika mtoni, sita tukavuka.

Nimeishi na hiyo njia ya mlimani miaka saba. Si mjane, si mke. Sijakaa kilio. Mwanaume wa mtaa wa Kabazana alikuja kuniposa mwaka juzi, wazee wakamuuliza: unaposa mke wa nani? Akaondoka. Simlaumu.

Jumamosi komite inakwenda Mbarara kuona namna wenzetu walivyojenga kumbukumbu za vita. Wamenipa kiti ndani ya gari kwa sababu ya matofali. Nipime unene, nitazame chokaa. Sawa.

Jumamosi, 12 Julai

Tumerudi. Naandika haraka kabla jua halijazama, nisipoteze hesabu.

Tuliondoka Juru saa kumi na mbili na dakika ishirini. Watu 14. Mama Riziki wa kwaya alikaa karibu yangu, akala karanga mpaka tukafika kwenye lami. Mjini alitungoja kiongozi wa ziara, Mwalimu Baguma, mwalimu mstaafu mwenye fimbo na Kiswahili cha jeshi.

"Nyinyi watu ya Nakivale, karibu sana. Hapa mbele ni kambi ya jeshi. Simu ndani ya mfuko. Ukipiga picha, wewe utalala huko, mimi nitarudi kwa bibi yangu."

Wakacheka. Kambi tuliitazama kutoka ng'ambo ya barabara, dakika kumi. Alisema vita vya sabini na tisa vilipofika hapa, mizinga ilipiga mpaka barabara kuu ikawa kifusi. Yeye alikuwa na miaka kumi na minne. Sasa barabara hiyo ina benki na maduka ya simu. Usingejua. Hilo lilinikasirisha, sijui kwa nini.

Kisha Kamukuzi, fasi ilipokuwa ikulu ya wafalme wa Ankole. Wenzangu walipiga picha. Mimi nilipima tofali kwa kiganja. Tofali zao nene kuliko zangu. Sikupenda.

Saa tano na nusu, Ruharo. Nguzo ya saruji yenye majina ya waliokufa vitani, upande wa nyuma wa uwanja. Nilihesabu 31. Ishirini na nane yamechongwa. Matatu ya chini yamepakwa rangi tu, mkono mwingine, miaka mingine. Nilimuuliza Mwalimu kwa nini. Wanawake anawaita nyabo, wanaume ssebo.

"Hawa watatu, nyabo, mwili haikupatikana. Ndugu walikuja, wakasema. Tukaandika."

Mzee Elia akauliza: "Shahidi alikuwa nani?"

"Hakuna mtu aliona. Lakini ssebo, miaka arobaini na zaidi. Nani bado iko njiani?"

Mama Riziki aliacha kutafuna. Mimi nilimtazama Elia. Alikuwa akisafisha miwani.

Chakula: katogo, ndizi zilizopikwa na matumbo, sahani moja ya kutosha wawili. Sikumaliza.

Halafu nyumba. Nyuma ya barabara kuu, kuta tatu, hakuna bati, mti umeota jikoni. Mwalimu alisimama mlangoni, hakuingia. Alisema siku ya mizinga kulikuwa na lori moja mtaa huu. Likajaa, dereva akaliondoa. Watu tisa wakabaki, wakaingia ndani ya nyumba hii. Kombora moja. Mama yake mdogo alikuwa mmoja wa wale tisa. Alilisema kama mtu anayesoma namba ya gari.

Mama Riziki akauliza kama dereva alirudi.

"Alirudi. Alikaa hapa hapa, aliuza maziwa. Tulinunua. Hakuna mtu aliuliza yeye kitu mpaka akafa."

Hapo ndipo Mzee Elia aliposema. Hakumwambia mtu. Alikuwa anatazama ule mti.

"Angefanya nini? Kikijaa kimejaa. Siye ku Ruzizi tulikuwaka saba pa mayi, na mutumbwi ya batu sita."

Kisha akasema ana kiu, akaenda barabarani kutafuta maji.

Wengine walitikisa vichwa, pole muzee. Hakuna aliyehesabu: saba kwenye maji, mtumbwi wa watu sita. Mimi natengeneza matofali. Nikiingiza saba yakatoka sita, nauliza moja liko wapi.

Kulikuwa na kituo kimoja bado, makaburi ya wafalme. Niliteremka na wenzangu. Sikuona chochote.

Jumapili, 13 Julai

Kanisani. Elia alisoma matangazo. Ukuta utaanza kujengwa Alhamisi, mchoraji wa majina anaanza Jumatatu ijayo, tarehe 21. Siku nane.

Alitoka kwa mlango wa nyuma.

Wale sita: Elia, hapa Juru. Wawili walipelekwa Amerika, sina simu zao. Mmoja alikufa hapa Nakivale, maleria. Mmoja alirudi Kongo. Wa sita ni Safari, yuko Oruchinga, kambi nyingine, anatengeneza baiskeli. Kwa hiyo wawili ninaowafikia.

Nina hasira.

Jumatano, 16 Julai

Oruchinga. Nilikwenda na pikipiki, vumbi mpaka ndani ya meno. Safari nilimkuta ameinamia gurudumu. Aliniona, akaweka spana chini, hakuinuka.

Sikuzunguka. Nilimwambia: mlikuwa saba mtoni.

Nilihesabu baiskeli zake, kumi na moja. Kisha akasema:

"Mama Neema, ulikuwaka na mimba ya miezi ine. Nani angekuambia?"

Nilielewa mara moja. Hiyo ndiyo aibu yangu ya leo, kwamba nilielewa mara moja. Kwetu mwanamke mwenye mimba hapelekewi habari ya kifo. Anafichwa mpaka azae. Halafu wazee wanakuja asubuhi, wanakaa chini, kwenye ardhi, na ukiwaona wamekaa chini umeshajua. Mimi mwenyewe nilimficha dada yangu kifo cha baba yetu, wiki tisa. Nilimpikia, nilicheka naye, nikaenda kulia bwawani. Ndiyo desturi. Ni nzuri. Nilikuwa nasema ni nzuri.

Safari anasema walikubaliana sita wote: tutasema ya mlimani, akizaa tutamwambia.

"Ukazala. Kila mutu akangojea muzee aseme. Muzee akanyamaza. Kisha tukasikia umemwandikisha ku kadi kama iko muzima. Sasa nani angekwenda kukufutia?"

Sifa, mtoto wa mimba ile, alizaliwa mwezi huu huu, miaka saba iliyopita. Nakumbuka vizuri. Wazee walikuja na sabuni na sukari. Walikaa kwenye viti.

Nilimuuliza Safari: alikufa? Akasema hajui. Mtumbwi ulikuwa wa mvuvi mmoja, ulibeba sita na mwenye kasia. Yeremia alibaki kungojea zamu ya pili. Yeye Safari alilala ndani ya mtumbwi, kichwa kati ya magoti. Walipofika katikati alisikia risasi mbili. Mvuvi hakurudi tena upande ule.

"Sikugeuka, mama. Naapa. Muzee Elia alipanda wa mwisho, alikaa nyuma. Yeye peke yake aligeukaka."

Kisha akaniomba nimsamehe. Nilimwambia nitafikiri. Bado nafikiri. Alinipa maji ya kunawa uso kabla ya kuondoka, akamimina mwenyewe.

Alhamisi, 17 Julai

Asubuhi vijana wa kanisa wamekuja na mikokoteni. Wakati mmoja nilitaka kukataa. Tofali ni zangu, mikono ni yangu, wakajenge kwa udongo. Kisha nikakumbuka majina 43. Hayana kosa. Mama yake Mama Riziki yumo, wa kumi na saba. Nikawapa 600, zilizobaki kesho.

Elia alikuja kusimamia kamba ya msingi. Nilimsogelea. Nilimwambia nimetoka Oruchinga.

"Mama Neema, tuache wafu wapumzike."

"Kwa hiyo ni mfu."

Akasema kamba imepinda. Kamba haikupinda, niliipima baadaye.

Nimempenda mzee huyu. Hilo niliandike pia. Alinibebea Neema, mtoto wangu wa kwanza, mgongoni kutoka mpakani, kilomita nyingi, na alikuwa na kidonda mguuni. Alininunulia kalibu yangu ya kwanza ya kufyatulia matofali alipouza radio yake. Na miaka saba ananisalimia kila Jumapili, bwana hajapiga simu? Anauliza huku anajua. Sielewi mtu anawezaje kuuliza hivyo na kuendelea kunywa chai.

Ao ndiyo njia yake ya kungojea niseme mimi.

Hapana. Sitamtafutia njia.

Neema ana miaka kumi na sita. Nimemwambia yote jioni, tukichambua maharage. Aliuliza swali moja tu: kama baba alijua kuogelea. Nimesema hapana. Akaendelea kuchambua. Baada ya muda akasema, "Basi alikuwa anangojea mutumbwi kweli." Nikaenda nje kutazama kuku.

Ijumaa, 18 Julai

Matofali 600 ya mwisho yametoka. Ukuta umefika magotini. Umenyooka.

Mama Riziki amepita. Anasema komite inaweza kuongeza jina la Yeremia, la arobaini na nne, kwa rangi, kama Ruharo, bila shahidi. Amezungumza na wanne, wanakubali. Ana roho nzuri. Nimemwambia asante, lakini hapana. Ruharo hakukuwa na shahidi. Sisi tunaye, anasoma matangazo kila Jumapili.

Jumamosi, 19 Julai

Upepo mdogo. Nimefua. Watoto wako kwenye mazoezi ya kwaya.

Nimekaa na karatasi tangu saa nane. Nimechana tatu. Ya nne nimempa Sifa akaipeleka mkononi mwa Mzee Elia, na amerudi akasema muzee ameisoma amesimama, kisha ameingia ndani. Nainakili hapa nisije nikasahau nilivyoandika.

Mzee Elia,

Mtumbwi sikuulizi. Ungezama na saba, watoto wenu wangekuwa yatima. Najua kuhesabu. Kunificha nilipokuwa na mimba sikuulizi, ni desturi, hata mimi nimeifanya. Miaka saba iliyofuata tutaizungumza siku nyingine, ao hatutaizungumza.

Nataka kitu kimoja. Safari hakugeuka. Wewe uligeuka. Usinijibu kwa Neno la Mungu, usinijibu kwa pole. Usilete wazee. Kesho Jumapili, kabla ya saa tatu, kabla kengele ya kwanza haijapigwa, nitakuwa nimekaa nje ya mlango wako, chini, kwenye ardhi. Ukitoka, uniambie.

Ulipogeuka, Yeremia alikuwa amesimama, ao alikuwa amelala?