Maksai Aliyeanza Kulima Akiwa Mkubwa

Mjukuu wangu Yohana, mume wangu,

Marahaba. Hapa Ilongero tumeamka salama. Alizeti zimegeuza nyuso zote upande mmoja, na mama yako anakusalimu.

Umeniuliza kama mtu anayeanza ndondi za uzito wa juu akiwa na miaka ishirini na minane atafika wapi, wakati wenzake walivaa glavu wangali watoto. Ndondi sizijui, mume wangu. Namjua Mawingu.

Mawingu alikuwa maksai wa baba yangu, mkubwa kuliko wote, na hakuvishwa nira mpaka alipokomaa. Kwa kuwa alikuwa na nguvu, tulimfunga plau siku ile ile ya kwanza. Alivuta vizuri hadi mwisho wa shamba, akapitiliza, akaingia na plau kwenye mtama wa jirani. Kugeuka hakujua.

Basi kila asubuhi nikawa natembea naye bila plau, umande ukitulowesha miguu. Tukifika mwisho, tunageuka. Siku nyingi sana, kugeuka tu. Msimu uliofuata ilitosha nikohoe kidogo, anageuka mwenyewe, polepole, kama wingu kweli.

Sikudanganyi, alilima misimu michache kuliko wenzake. Lakini mpaka leo nikifumba macho naiona mistari yake, imenyooka hadi bondeni.

Kwa hiyo ukija Krismasi usinionyeshe ngumi. Nionyeshe unavyogeuka.

Ni mimi bibi yako, ninayekohoa bado.