Boti Gani

Málaga, Jumatano

Bon, nilijiharibia mwenyewe. Esther, binti yangu, alitaka mkoba, tukasimama kwa kijana mmoja Mwafrika aliyetandika mikoba yake kwenye shuka, nje ya bandari. Nikamwambia Esther kwa Kiswahili kwamba mishono ni mibaya. Kijana akaruka. "Mama! Uko wa Uvira?"

"Niko wa Fizi."

Akanishika mikono yote miwili. Tangu tutoke nyumbani Reynoldsburg, Amerika, nilikuwa sijasikia Kiswahili chetu cha Kongo kwa mtu mwingine, na Esther ananijibu Kiingereza tu. Nilitaka kulia kwa furaha. Kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Mama, mulivukaka na boti gani?"

Nikamwonyesha kwa kidevu ile meli yetu ya watalii, nyeupe, ya ghorofa nyingi. Nikacheka, hata.

Akaitazama kuanzia ghorofa ya juu mpaka majini. Hapo ndipo nikaelewa: alikuwa anaulizia zile boti za mpira, zinazovusha watu usiku kutoka Afrika. Nilitaka kumuuliza alivuka na nani, na nani hakufika.

Akaniachia mikono. Akaokota ule mkoba wenye mishono mibaya, akaupangusa vumbi.

"Madam," akasema kwa Kiingereza, kama anavyowaambia wazungu, "bei nzuri sana."