Pete Iliyobana Kioo

Amerika,
Novemba 1998

Kwako Baba mpendwa,

Mwanao Kyalo anakuamkia. Goti linaendeleaje? Dada Mwende aliniambia kwamba siku hizi unachonga ukiwa umeketi, na kwamba maji yamerudi hapo mtaani Tena baada ya Mama kubeba mitungi wiki nzima. Namshukuru Mungu. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inayoumwa, na ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya simu. Kwenye simu ningekuficha.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini, nikakujibu juujuu. Kuna sayari zinazozunguka nyota nyingine, mbali mno. Ni miaka michache tu tangu wataalamu wawe na hakika. Nyota hung'aa sana hata sayari iliyo kando yake haionekani. Lakini sayari ina joto. Wewe ukipitisha kiganja juu ya jiko unajua makaa yangali hai, hata kama jivu limeyafunika. Chombo tunachounda hapa, cha kufungwa kwenye darubini kubwa, hufanya kazi kama kiganja hicho. Nacho sharti kipozwe kupita barafu yoyote, la sivyo kitahisi joto lake chenyewe na kisione kingine.

Kazi yangu ilikuwa kuchora pete ya kushika lenzi ndani ya chombo. Kwanza niliichora ya chuma, kisha nikabadilisha iwe ya aluminiamu ili iwe nyepesi. Nafasi kati ya pete na lenzi nikaiacha ile ile. Baba, aluminiamu ikipoa husinyaa kuliko chuma. Nilijua. Wewe mwenyewe ulinifundisha kibandani kwako, nilipotaka kuchonga mti mbichi: "Ngoja maji yake yatoke, ama utayaona yakitokea kwenye ufa." Nilikuwa na haraka.

Mwaka jana tulikipoza kwa mara ya kwanza. Picha ikaharibika ghafla. Tukangoja siku tatu kipate joto tukifungue, na lenzi ilikuwa na ufa kutoka ukingo hadi ukingo.

Mkubwa wetu alisema papo hapo, "Walter ameikereza pete ndogo. Kyalo, ipime."

Walter alikuwa fundi wa karakana, mzee wa rika lako. Nilipofika hapa na koti la Nairobi, ndiye aliyenivua huku akinicheka, akanivika lake la baridi. Niliipima pete peke yangu. Ilikuwa sawasawa na nilivyoichora, hata unywele haukuzidi. Nikarudi nikasema, "Imebana kidogo kuliko mchoro."

Walter akanitazama. "Umeipima vizuri?"

"Ndiyo."

Hakubishana. Mwisho wa mwezi alirudisha funguo za karakana aliyoingia akiwa kijana.

Nilimpigia ndugu yangu Musyoka, nikamweleza. Akasema, "Zii, bro, nyamaza tu. Wakikufuta kazi huko, utarudi huku kufanya nini?" Usimgombeze. Nilimchagua yeye kwa sababu nilijua jibu lake. Ningekupigia wewe, ningejua pia.

Nikanyamaza mwaka mzima. Mwezi uliopita nikapewa kuchora pete nyingine. Nilipomaliza hesabu, safari hii sahihi, niliutoa ule mchoro wa zamani kwenye droo ili niuchane. Niliushika kwa mikono miwili. Baba, sijawahi kujiogopa kama siku ile. Niliubeba hivyo hivyo hadi ofisini kwa mkubwa, nikamwekea mezani.

Kisha nikaenda kwa Walter. Mkewe alifungua mlango, akamwita. Nilimwambia yote tukiwa tumesimama mlangoni.

"Nilijua," akasema. "Hata mimi niliipima. Nilidhani utakuja wiki ile ile."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka uje mwenyewe."

Nikamwambia mkubwa yuko tayari kumrudisha, na kwamba nimeandika ukweli wote na utasomwa karakanani mbele ya mafundi. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akaniambia macho yake yamefifia, daktari amemkataza mashine. "Ule ndio ulikuwa mwaka wangu wa mwisho wa kuona vizuri," akasema. Hakunifokea. Hakunikaribisha ndani pia. Akanitakia safari njema, akafunga mlango polepole, kama mtu anayefunga ili asimwamshe mgonjwa.

Barua yangu ilisomwa juzi. Kazi sijafutwa, ila chombo kitakapopandishwa mlimani kwenye darubini atakwenda mwenzangu. Hilo silionei uchungu. Kinachonikosesha usingizi ni mwaka wa mtu, ambao sina pa kuutoa nikaurudisha.

Msalimie Mama, umsomee barua hii yote, usimpunguzie. Msalimie Mwende na watoto wake, na Musyoka, mwambie simlaumu. Mpe salamu Mama Mutheu, jirani yetu wa kwaya.

Na jambo moja, Baba. Najua kila Jumapili ya ushuhuda husimama kanisani ukasema kijana wako anatafuta dunia nyingine mbinguni. Jumapili ijayo usiseme hivyo. Waambie tu una mwana yuko mbali, amemkosea mzee wa watu, na anaomba aombewe.

Ni mimi mwanao, aliye mbali nanyi,
Kyalo