Toa Kila Kitu Kabla ya Ukaguzi

Jumatatu, 4 Machi 2024

Mvua tangu alfajiri. Vichwa vitatu vya kutengeneza leo, nyumba kwa nyumba – mke wa kasisi, na wale dada wawili wa kijiji cha Caldbeck wanaotaka nywele zao zifanane mpaka mkunjo wa mwisho.

Kijivu limewaka mara ya kwanza. Mkweche wangu! Lina miaka kumi na tisa, nililinunua kwa bei ndogo kuliko baiskeli ya kasisi, na linapanda milima na drayer mbili za kukaushia nywele, kiti cha kukunja na madumu ya dawa bila kulalamika. Njiani kondoo dume kaligonga ubavuni. Nikashuka, nikatazama, nikacheka, nikapanda. Mwenye gari jipya angelia pale pale.

Watu hawanielewi. Wanadhani ni ubahili. Si ubahili – ni raha! Huogopi kitu. Huogopi kondoo, kuta za mawe, wala maegesho ya siku ya soko. Dawa ya kukunjia nywele ikimwagika kwenye kiti, imemwagika, basi.

Ukaguzi wa gari wa mwaka ni Alhamisi.

Nimechungulia na lile gari la bluu mtandaoni. Bado. Muda wake unaisha tarehe kumi na mbili.

Jumatano, 6 Machi

Leo nimetoa kila kitu ndani ya Kijivu. Rola, taulo, mikeka ya miguuni, mpaka kile kikopo cha peremende. Gereji watalikuta tupu. Baba alinifundisha hivyo: mkaguzi akikuta kitu kimemzuia kuona, ataandika tu. Mpe gari tupu, asiwe na la kusema.

Nami nikamfundisha mwanangu Joss. Alipokuwa na miaka tisa hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kila Machi – kutambaa chini ya viti. Malipo chipsi na samaki. Mwaka mmoja alitoka na pini za nywele arobaini na tatu, alizihesabu mwenyewe, na meno ya bandia ya Bi Ivy, mteja wangu wa enzi hizo. Tukamrudishia. Ivy kasema alidhani ameyameza.

Leo nimetambaa mwenyewe. Magoti yangu! Pini sita tu.

Alhamisi, 7 Machi

Limefeli.

Routledge kaniita kutoka chini ya gari. Ndiye fundi wangu na mkaguzi wangu tangu nina nywele nyeusi. "Bibie, njoo uone." Kachukua bisibisi, kaigusisha kwenye kizingiti cha chini ya mlango. Imezama mpaka kwenye mpini. Kutu tupu. Kasema chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu ndiyo iliyolila, si mimi. Kulichomelea ni karibu mara mbili ya bei niliyolinunulia.

"Kanuni zako unazijua," kasema. "Mimi sitii neno."

Nazijua. Usinunue gari kwa zaidi ya mapato ya wiki mbili. Usilipende. Matengenezo yakizidi bei yake, liage na usigeuke nyuma. Miaka thelathini na tano sijavunja hata moja. Mikweche kumi na saba imepita mikononi mwangu na sijalilia hata mmoja.

Nikamwambia anipe wiki moja.

"Wiki ya nini? Ya matanga?"

Kaniazima kigari cha gereji. Kinanuka mbwa. Mteja wangu Bi Doreen kaninusa kabla sijavua koti.

Jumapili, 10 Machi

Siku ya Mama. Dada yangu Beryl kaja na maua ya njano. Kaja na lile gari lake jipya la kulipia kila mwezi, linalopiga kelele likikaribia ua, likikaribia ukuta, likikaribia mtu. Lilianza kulia kabla hajafika getini – nilimsikia nikiwa jikoni. Kaliegesha katikati kabisa ya njia ili lisiguswe na kitu, halafu kila baada ya dakika tano anakwenda dirishani kulitazama. Chai yake ikapoa.

"Mkono wa birika wewe," kaniambia. "Hicho kimkweche kitakuua barabarani."

Nikamwambia mikweche yangu haijawahi kuniacha njiani. Akanitazama. Nikasema, sawa, mara mbili.

Kisha kauliza, Joss kapiga? Hapana. Si umpigie wewe? Nikainuka kuosha vikombe.

Niandike mara moja, nimalizane nalo. Februari, miaka minne iliyopita. Hapa hapa jikoni. Kazi ya tatu ilikuwa imemshinda, karudi na mfuko wa nguo, miaka ishirini na saba. Mimi nimesimama siku nzima, miguu imevimba. Nikamwambia: wewe ungekuwa gari, ningeshakupeleka skrepa. Tena nikacheka! Nilidhani ni mzaha. Yeye hakucheka. Alichukua ufunguo wa la bluu – lake, nilimnunulia alipotimiza ishirini na moja – akaondoka. Baada ya wiki mbili ukaja ujumbe mmoja. Niko salama. Usinitafute.

Sijamtafuta. Natafuta gari. Ukaguzi wowote nchi hii unawekwa mtandaoni, mtu yeyote akiandika namba za gari anausoma. Hakuna jina, hakuna mahali. Kuna tarehe, maili, na makosa. Mwaka wa kwanza la bluu lilifeli vibaya: matairi mawili, breki, taa. Nikajua hana kitu. Mwaka wa pili lilifeli taa moja, kesho yake likapita; wa tatu vivyo hivyo. Mwaka jana lilipita safi, bila neno hata moja, na maili elfu tisa zimeongezeka. Nikajua ana kazi, tena ya mbali. Nikajua ananunua matairi kabla hajaambiwa. Nilitembea na habari hizo wiki nzima nikijisikia vizuri, kama mtu aliyepokea barua.

Yeye hulipeleka siku kumi kabla ya muda kwisha. Nilimfundisha hivyo pia. Mwaka huu bado.

Alhamisi, 14 Machi

Hakuna. Muda umekwisha juzi. Ukurasa umeandikwa kwa rangi nyekundu.

Nimemvuta Bi Doreen nywele. Kasema, "Mwanangu, kichwa hiki kina miaka themanini na minane, usiking'oe." Nikamwomba radhi. Kaniuliza nina nini. Nikasema gari. Si uongo.

Labda ameliuza. Labda limekufa, nalo ni zee kuliko Kijivu. Labda

Gari la mtu linaweza kufa bila mtu kufa. Nimelisema hilo kwa sauti njia nzima ya kurudi, ndani ya kigari cha mbwa.

Jumamosi, 16 Machi

Nimekwenda kwa Routledge. Alikuwa ameshaninunulia gazeti la matangazo, ameyazungushia kalamu magari matatu. Jekundu la mwalimu mstaafu, mmiliki mmoja tu, bei ya kutupa. Siku nyingine ningekwenda kuliona mchana huo huo. Ile dakika ya kufungua mlango wa mkweche mgeni, kunusa, kuvuta breki ya mkono, kujua kwa pesa kidogo hivi kesho utakwenda popote – hakuna ninachokipenda zaidi.

Nikamwambia: lichomelee Kijivu.

"Unaumwa?"

"Sijambo."

"Hilary. Ni mara mbili ya bei yake."

"Nimesikia. Lichomelee."

Kavua miwani, kaifuta kwa kitambaa kichafu kuliko miwani yenyewe. Kalikunja gazeti. Ni mtu mzuri. Kusema kweli sijui kwa nini nimefanya hivyo. Nimechoka kuwa hodari wa kutupa, labda ndiyo hiyo.

Jumatatu, 18 Machi

Bado nyekundu.

Jumatano, 20 Machi

Limepita!

Nilikuwa na chai mkono mmoja na mkate wa siagi mwingine, nikaandika namba zile kwa kidole gumba tu, kwa mazoea, sikutegemea. Kijani! Limekaguliwa jana. Limechelewa wiki nzima lakini limepita. Mzima! Mkate umeangukia kwenye simu, upande wa siagi.

Nimekaa. Nimeifuta simu. Nimesoma pole pole.

Maili: elfu mbili na mia nne tu mwaka mzima. Mwaka jana elfu tisa. Nikaingiwa na wasiwasi tena – kafukuzwa kazi? Kaumwa? Nikashuka chini. Maonyo mawili. La kwanza: tairi la mbele kushoto linakaribia kuisha. La pili nimelisoma mara tatu.

Kiti cha mtoto kimefungwa nyuma. Mkanda wa abiria haukuweza kukaguliwa wote.

Kiti cha mtoto.

Nimesimama. Nimekaa. Nimefungua mlango wa nyuma ya nyumba nikawatazama kondoo wa jirani, sijui kwa nini. Ndiyo sababu ya maili. Ndiyo sababu ya kuchelewa – nani anakumbuka tarehe na mtoto ndani ya nyumba? Wa kike? Wa kiume? Anatembea? Rekodi haisemi. Rekodi inasema mkanda!

Nimelia. Nimefurahi. Na nimeona aibu. Kuna mtoto wa damu yangu anayebebwa ndani ya gari nililolinunua mimi, na nimejulishwa na mkaguzi nisiyemjua.

Mchana nikaenda kuchukua Kijivu. Limechomelewa, limepita, kizingiti kinang'aa rangi isiyofanana na gari. Nikamwuliza Routledge: mteja akikuletea gari lina kiti cha mtoto, hukitoi?

"Haturuhusiwi kukigusa. Mwenye gari asipokitoa, tunaandika."

"Na kukitoa ni kazi?"

"Dakika mbili. Kila mtu anajua kutoa." Halafu kaniangalia usoni. "Kwa nini?"

Nikampa simu. Anazijua namba za la bluu, ndiye aliyelikagua miaka yote ile. Kasoma huku midomo inacheza. Kavua kofia.

"Hongera, bibi," kasema.

Nikaendesha kurudi nyumbani kwa mwendo wa gari la mazishi. Joss anajua kutoa kila kitu. Mtoto wa pini arobaini na tatu! Hawezi kupeleka gari kwenye ukaguzi na hata ganda la peremende ndani. Amechoka, amesahau, wenye watoto wachanga husahau. Au hakusahau. Naogopa kuliandika hili: naye anajua kwamba mimi nasoma. Nani mwingine alimfundisha kuchungulia magari ya watu mtandaoni?

Usijidanganye, Hilary. Amesahau.

Alhamisi, 21 Machi

Naandika ndani ya Kijivu, nje kwa Bi Doreen. Nimechelewa robo saa na sijawahi kuchelewa.

Asubuhi nimeandika ujumbe, nimefuta. Nimeandika mwingine mrefu, nimefuta. Nimesikia una mtoto – nimesikia kwa nani? Hongera – mimi ni nani wa kumpa hongera? Aliniambia nisimtafute na nimekuwa nikichungulia gari lake miaka minne kama mdaku. Saa tatu kasoro nikapiga moyo konde, nikaandika kitu pekee ninachokijua vizuri. Joss. Tairi la mbele kushoto limebaki kidogo. Usisubiri mwakani. Mama.

Nikabonyeza. Namba ile ile ya zamani. Labda si yake tena. Labda kuna mtu huko anatazama tairi la kushoto la gari lake kwa mshangao.

Nikaendesha. Kijivu halitikisiki tena ule upande. Jua kidogo. Wanakondoo barabarani, nikasimama wapite, sina haraka na sina rangi ya kuharibiwa.

Simu imelia nilipozima injini hapa.

Mama. Tairi nimebadilisha siku ile ile ya ukaguzi. Na la pili umelisoma?

Hakusahau.

Hakusahau! Alikiacha kiti mahali pake, akamtazama mkaguzi akiandika, akaenda nyumbani akangoja.

Bi Doreen yuko dirishani, taulo shingoni, ananionyesha kichwa chake kwa mikono miwili. Nimemwinulia kidole – ngoja kidogo.

Nimeandika: Nimelisoma. Sijabonyeza. Nimefuta. Siwezi kuuliza jina la mtoto kabla sijalirudisha lile neno la jikoni. Hilo ndilo la kwanza kutoka. Bi Doreen anagonga kioo sasa. Agonge. Naandika upya: Joss, siku ile jikoni nilisema