Riwaya ya Zawadi ya Rosebella

Benta, uko wapi? Opiyo amempiga Mwalimu Muchiri. Mbele ya wazazi wote, siku ya zawadi shuleni.

Binti wa Opiyo, Rosebella, aliitwa kuchukua zawadi ya kusoma, riwaya nene. Muchiri, eti mgeni wa heshima, akashika maikrofoni akicheka: "Baba yako hakuwahi kumaliza riwaya hata moja darasani kwangu. Gunia tupu."

Gunia tupu, Benta. Mtoto anasikia.

Na wewe unajua kwa nini hakumaliza. Kidato cha pili alikwama ukurasa wa arobaini wa riwaya ya darasa, Muchiri akamchapa kwa kitabu hichohicho, sikioni, mpaka damu. Sikio hilo limekufa. Hadi leo akifungua riwaya anaifunga palepale.

Opiyo akapanda jukwaani polepole. Akachukua riwaya ya mtoto, akamtwanga nayo mzee sikioni. Mara tatu. "Maliza basi, mwalimu. Maliza."

Mimi nilipiga makofi, sikufichi.

Halafu akamgeukia Rosebella, kitabu kimelowa damu. "Shika, mama. Ni chako."

Mtoto akarudi nyuma, akaficha mikono mgongoni.