Kondoo Walipobomoa Mbavu za Boma

Isinya, Jumamosi, 14 Mei 2005. Asubuhi manyunyu na baridi. Jua limetoka saa nne.

Dada Naserian,

Nina habari, na hakuna mwingine ambaye angeifurahia kama wewe.

Tangu tukuzike, binti yako Nashipae hajafungua kitabu cha fizikia. Anakukumbuka ukimchorea sumaku kwa kidole kwenye unga wa ugali, na machozi yanamjia. Jumatatu anachagua masomo ya kidato cha tatu, na alikuwa ameamua kuiacha. Kabla hujatuacha uliniambia nisimlazimishe. Nikatii, lakini iliniuma.

Juzi gazeti liliandika kuhusu wanasayansi wa Amerika. Wanagonganisha viini vya atomi za dhahabu kwa kasi hadi protoni zenyewe zinayeyuka, inabaki supu ya chembe ndogo zaidi, kwaki na gluoni, yenye moto kuliko katikati ya jua. Walitarajia itawanyike kama gesi. Kumbe inatiririka pamoja, kama maji. Nilimsomea Nashipae akiosha vyombo. Akauliza bila kugeuka, "Na wamejuaje, Anti, na kitu chenyewe kinaisha kabla hujafumba jicho?"

Kesho yake akamuuliza mwalimu, bila kutumwa. Akaambiwa viini vikigongana kando kando, supu inakuwa ndefu kama mbegu ya boga, na chembe nyingi zinatokea ubavuni kuliko kwenye ncha. Kwa nini ubavuni?

Leo tulikuwa tunapulizia kondoo dawa ya kupe. Boma la miiba nililijenga refu na jembamba, na miiba nikaiweka mizito sawa pande zote, ingawa nilidhani watalazimisha kutokea miishoni. Radi ikapiga. Kondoo wakasukumana wote, mbavu zote mbili zikafunguka kwa pamoja. Nikaanza kukimbia. Nashipae akabaki na pampu mgongoni.

"Anti, wachana na kondoo kwanza. Angalia wametokea wapi."

Dada, nikaona. Kutoka katikati hadi ubavuni ni karibu, kwa hiyo msukumo ni mkali zaidi huko. Kila mmoja angeenda kivyake, wangetawanyika sawasawa pande zote. Kule kusukumana ndiko kunawatoa ubavuni, na ndiko kulikowaonyesha wanasayansi kwamba ile supu inatiririka pamoja. Tuliwakusanya tukibishana, matope hadi magotini, naye akacheka kile kicheko chako. Ilibidi nigeuke kidogo.

Wakati wa chakula akasema, "Fizikia siachi. Lakini usianze kunisifu." Sikumsifu. Nilimwongezea nyama.

Pumzika, dada yangu. Naahidi swali lake nisiloliweza tutalitafuta pamoja, na sitajifanya najua.

Saa tano kasorobo. Nalala.